Mpini Uliopoteza Mti Wake

Ndugu msomaji, hata wewe uliyezaliwa mjini unajua kwamba jembe halitiwi mpini wowote tu. Mzee wa shamba huingia porini, akagonga mti huu, akapinda tawi la ule, akaacha kumi na kukata mmoja. Basi leo nataka tuzungumzie mpini mwingine, wa mbali sana, huko Amerika ya Kaskazini, katika mchezo uitwao lakrosi.

Kwa asiyeujua: ni timu mbili, mpira mdogo mgumu wa raba, na kila mchezaji ana fimbo yenye kichwa cha wavu. Kwa wavu huo mpira hudakwa, hubebwa na kurushwa golini. Vurugu zake si haba, maana kupigana fimbo mikononi ni sehemu ya kazi. Mpwa wangu anayesoma Maryland alipojiunga na timu ya shule yao aliniandikia kuniuliza anunue mpini gani, wa aluminiamu, wa titaniamu au wa kaboni? Mimi na lakrosi wapi na wapi! Ikabidi nikasome. Nilitafuta jibu la mpini, nikakuta habari za watu.

Wenye mchezo ni wenyeji wa bara lile, na hasa nitawataja Wahaudenosaunee, ule muungano wa mataifa sita ambao Wafaransa waliuita Iroquois. Padri Jean de Brébeuf, Mfaransa, aliandika juu ya mchezo huu miaka ya 1630 alipokuwa akiishi na majirani zao Wahuron. Aliona watu wakicheza ili mgonjwa apone. Kwa Wahaudenosaunee hadi leo lakrosi ni dawa, ni mchezo uliotolewa na Muumba kwa furaha yake mwenyewe. Mtoto wa kiume hupewa kifimbo angali mchanga, na mwanamume huweza kuzikwa na fimbo yake.

Fimbo hiyo hutoka kwenye mti wa hikori, mti mgumu, mzito, usiovunjika ovyo. Gogo hupasuliwa vipande kwa kufuata nyuzi zake, kwani ukikata nyuzi umeshauua mpini. Kipande huchongwa, hufukizwa kwa mvuke hadi kilainike, ncha yake ikapindwa, kisha kikaachwa kikauke miezi mingi. Ndipo fundi hukichonga tena, akatoboa matundu na kusuka wavu wa ngozi. Kutoka msituni hadi mkononi ni karibu mwaka. Na ona jambo moja: hapo mpini na kichwa ni mti mmoja. Swali la mpwa wangu lisingeeleweka kabisa, maana ukishachagua mti umeshachagua mpini.

Wazungu wa Montreal waliupenda mchezo. Daktari wa meno, George Beers, akautungia sheria zilizochapishwa mwaka 1867, na mwaka 1876 timu mbili, moja ya Wamohawk wa Kahnawake na nyingine ya mabwana wa Montreal, zikacheza mbele ya Malkia Victoria huko Windsor. Makofi yalipigwa. Miaka minne tu baadaye, 1880, chama cha lakrosi cha Kanada kikawafungia nje wenyeji, ati kwa sababu wanalipwa, na lakrosi sasa ni mchezo wa waungwana wasiogusa fedha! Hebu fikiri: unafukuzwa katika ngoma ya babu yako kwa kuwa umepewa nauli.

Lakini fimbo je? Fimbo waliendelea kuzinunua kwao. Mchezaji alifukuzwa, fundi akabaki. Karibu miaka mia moja, vyuo vya Marekani na klabu za Kanada vilicheza kwa miti iliyochongwa na mikono ya watu hao hao. Huko Akwesasne, nchi ya Wamohawk iliyokatwa vipande na mpaka wa Kanada na Marekani, kilikuwapo kiwanda kilichotoa sehemu kubwa mno ya fimbo zote za lakrosi duniani. Mwaka 1968 kiwanda hicho kiliungua moto.

Mwaka 1970 kampuni ya STX ya Baltimore ikaingiza sokoni kichwa cha plastiki. Kichwa hicho kilikuwa chepesi, kilifanana kushoto na kulia, na mashine ilikitoa maelfu kwa siku ngapi sijui. Nyuma yake wakachomeka mpini, kwanza wa mti, halafu wa aluminiamu. Ni hapo mpini ulipozaliwa kama kitu cha peke yake, chenye bei yake na rangi yake kwenye rafu ya duka. Watu husema moto ndio ulioua fimbo ya mti. Mimi sikubali moja kwa moja. Moto ulichoma kiwanda kimoja. Kilichowamaliza mafundi ni kwamba mnunuzi hakuhitaji tena kumngojea mtu yeyote msituni.

Nilimjibu mpwa wangu hivi. Kama unacheza mbele au katikati, fimbo yako nzima, pamoja na kichwa, iwe inchi 40 hadi 42, na mpini uwe mwepesi. Mabeki hubeba ndefu, inchi 52 hadi 72, na sheria inaruhusu wachache tu uwanjani. Hao wanataka mpini imara kuliko mwepesi. Aluminiamu hubonyea ikipigwa, na wakati wa baridi huuma vidole, lakini bei yake inasemeka. Titaniamu hujipinda ikarudi, na fedha za baba yako hazirudi. Kaboni haishiki baridi sana, ila siku ikipasuka imepasuka. Anza na aluminiamu, mjomba, mkono wako ukishajua unachotaka ndipo uhame.

Uganda nao wameshaingia: mwaka 2014 walikuwa Waafrika wa kwanza kushiriki ubingwa wa dunia wa wanaume, huko Denver. Na mwaka 2028 mchezo unarudi Olimpiki, mjini Los Angeles.

Nimwache msomaji na fundi mmoja. Alf Jacques alikuwa Mwonondaga, golikipa, wa karibu na mji wa Syracuse. Alianza kuchonga na baba yake mwaka 1962, na kufikia mwisho wa miaka ya sitini nyumba yao ilikuwa ikitoa maelfu ya fimbo kwa mwaka. Plastiki ikaja, wateja wakapungua kama maji kwenye mtungi uliotoboka. Hakuacha. Aliendelea kupasua hikori hadi alipofariki mwaka 2023, akiwafundisha vijana namna ya kulisoma gogo kabla ya kulitia shoka. Mchezo wa dawa, ule wa kumwombea mgonjwa, bado huchezwa kwa fimbo za mti peke yake, na lazima awepo mtu wa kuzichonga.