Menyu zinahama, cmd haihami

Tarehe 26 Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, na watu waliozoea kompyuta kwa miaka mingi wakajikuta wanakodolea macho kona ya chini kushoto. Kitufe cha Start, kilichokaa hapo tangu Agosti 1995, hakikuwepo. Badala yake ilifunguka skrini nzima ya vigae vya rangi, iliyobuniwa zaidi kwa kidole kuliko kwa mausi.

Msomaji wa barua pepe alisumbuka siku chache akazoea. Aliyekwama hasa ni fundi. Vitendea kazi vyake alivifikia kwa njia moja, ile ambayo Windows XP ya 2001 ilimzoesha: Start, All Programs, Accessories, kisha Command Prompt, au folda ya System Tools yenye programu za kusafisha diski na kupanga upya mafaili. Hakuna kilichofutwa. Kwenye kona ileile tupu, ukibofya kitufe cha kulia cha mausi, iliibuka menyu ya maandishi matupu iliyobeba karibu kila alichohitaji, dirisha la amri likiwemo. Lakini nani angebofya mahali pasipo na kitu?

Mtindo wa dirisha hilo jeusi la amri una umri mkubwa kuliko Windows yenyewe. Mwaka 1980 Tim Paterson, wa kampuni ya Seattle Computer Products, aliandika mfumo uliokuja kuitwa 86-DOS, akifuata mwenendo wa CP/M, mfumo endeshi uliotangulia wa Gary Kildall. Microsoft iliununua Julai 1981, na Agosti 12 mwaka huo kompyuta binafsi ya IBM ikaingia sokoni. Haikuwa na vitufe wala picha za kubofya. Skrini ilionyesha herufi ya diski na alama moja, ikasubiri uandike. Aliyejua amri kama dir na copy alifanya kazi, asiyejua alikaa.

Watu wengi hadi leo huliita dirisha hilo DOS, ilhali DOS haimo tena ndani yake. Windows NT ya 1993 ilijengwa upya bila kuegemea DOS, na Microsoft ikaipa programu yake ya amri, cmd.exe, inayoelewa amri za zamani juu ya mfumo mpya kabisa. XP ndiyo iliyoleta msingi huo wa NT majumbani. Ndiyo maana amri ya dir imevuka vizazi vyote hivi: waliojenga mfumo mpya waliheshimu mazoea ya watumiaji, na huo kwangu ni uamuzi bora kuliko mapambo yote yaliyofuata.

PowerShell, programu nyingine ya amri ya Microsoft, ilikuja 2006, ikiwa na uwezo mkubwa kuliko cmd. Sasisho la Windows 10 la 2017 lilipoiweka mahali pa cmd katika ile menyu ya kona, uvumi ulienea kwamba cmd inazikwa, na Microsoft ikalazimika kukanusha hadharani. Windows 11 ya 2021 imehamisha tena vitendea kazi: cmd na wenzake wamo katika folda ya Windows Tools.

Hapa ndipo ufundishaji wetu wa kompyuta unapowaangusha vijana. Mwanafunzi hukaririshwa njia: bofya hapa, shuka pale. Toleo likibadilika, elimu yake imekwisha. Angefundishwa jina la kifaa, asingepotea. Hata kwenye vigae vya Windows 8, ambako hakukuonekana kisanduku chochote cha kutafutia, ilitosha kuanza kuandika cmd na mfumo ukaileta. Kushika kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika cmd na kubonyeza Enter kumefanya kazi tangu NT 4.0 ya 1996, na kunafanya kazi katika Windows 11. Vivyo hivyo cleanmgr kwa kusafisha diski, msinfo32 kwa taarifa za mashine, na regedit ya kuhariri sajili ya mfumo, kwa anayejua anachokigusa.

Kazi nyingine, kama sfc /scannow inayokagua na kurekebisha mafaili ya mfumo, hudai mamlaka ya msimamizi. Kwa hizo, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha shika Ctrl na Shift unapobonyeza Enter.