Al-Balkhi na Elimu ya Maradhi ya Nafsi

Mara nyingi mgonjwa wa akili hurudishwa nyumbani na dawa zake mkononi, na asipatikane mtu wa kukaa na mamaye au mkewe akawaeleza maradhi hayo ni kitu gani. Jamaa hubaki na maneno ya mitaani: huyu karogwa, yule imani yake haba. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema kumkumbuka mwanachuoni aliyelishughulikia jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Naye ni Abu Zaid Ahmad bin Sahl Al-Balkhi, mwenyeji wa Balkh, mji ulioko leo kaskazini mwa Afghanistan, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia). Wengi humtaja katika elimu ya jiografia, lakini aliandika pia kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani Maslahi ya Miili na Nafsi. Sehemu ya kwanza inahusu afya ya mwili, na ya pili afya ya nafsi.

Al-Balkhi aliwalaumu matabibu kwa kuyaacha maradhi ya nafsi. Alisema kuwa mtu aweza kuishi muda mrefu bila ya kuugua mwili, ama huzuni, hasira na khofu hakuna asiyezionja. Kwa maneno hayo alimwondolea mgonjwa aibu. Kisha akayagawa maradhi hayo mafungu manne: hasira, huzuni, khofu na wasiwasi. Huzuni nayo akaipambanua: iko yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na iko isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake aliiona mwilini, katika damu. Tiba ya leo haiafikiani naye katika habari ya damu. Lakini mafunzo yake kwa jamaa yamebaki: mwenye huzuni ya namna hii hakuitaka, basi asikaripiwe kama mvivu.

Katika matibabu alitaja njia mbili. Ya kwanza hutoka ndani, nayo ni fikra njema ambazo mtu hujiwekea akiwa mzima, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Ya pili hutoka nje, nayo ni maneno ya mwenziwe, kwani aliyezidiwa na huzuni au khofu akili yake imeshughulishwa, hawezi kujinasihi peke yake. Na mwenye wasiwasi alimuonya asijitenge na watu. Hapa, ndugu msomaji, jamaa wa mgonjwa wamekuwa sehemu ya dawa. Na atawezaje kunasihi mtu asiyejua anachokinasihi?

Mafakihi nao wamewabebesha jamaa jukumu hili. Mwendawazimu hana taklifu, kwa hadithi mashuhuri ya watu watatu walionyanyuliwa kalamu. Mali yake husimamiwa na walii, naye hulishwa na kuvishwa na husemeshwa kwa wema, kama ilivyoamrishwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 5, kwa wasioweza kuendesha mali zao. Katika madhehebu ya Shafi, ambaye wazimu humjia na kumwondoka, sala humwajibikia wakati akili yake imerejea, wala halipi zilizompita katika wazimu. Jamaa wasiojua kupambanua hali hizi mbili watamdhulumu: ama watamlaumu kwa asilolimiliki, ama watamnyima haki zake hali amekwisha pata nafuu.

Kitabu cha Al-Balkhi kilihifadhiwa Istanbul katika maandishi ya mkono, na sehemu ya nafsi ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 2013 na Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan. Basi imamu anayeletewa mgonjwa amsomee, na amsomeshe pia aliyemleta: kwamba haya ni maradhi, kwamba kisomo hakimzuii mtu kwenda kwa daktari, na kwamba kumfunga mtu kamba si tiba. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Amin.