Mkabo, Si Ukosefu

Katika rasimu moja ya istilahi za tiba niliyoletewa niipitie, nimekuta "ukosefu kizuizi wa pumzi usingizini". Hadi umalize kulitamka, mgonjwa ameshaamka. Waliolibuni walikwenda moja kwa moja kwa Wayunani: apnoia, a- ya kukanusha na pnoe, pumzi. Wakamtafsiri Myunani, wakauacha ugonjwa.

Niliwahi kulala Zegereni, Kibaha, nyumba moja na mtoto mwenye nyama za pua. Alikoroma hadi bati likaitikia, ghafla kimya. Kifua kilipanda, mbavu zikabonyea, pumzi haikupita. Kisha akashtuka, akavuta hewa kwa kishindo. Mama yake akaniambia, "Ndivyo anavyokabwa kila usiku, baba." Hakuitisha kamati.

Kata imezaa mkato, piga ikazaa mpigo. Kaba na izae mkabo. Wingi wake mikabo, na hapo ndipo ukosefu unapochemsha. Madaktari huhesabu vipindi hivyo kwa saa, na kwa mtoto kuzidi kimoja tayari si kawaida. Nani atahesabu "maukosefu"? Tena ubongo ukiacha tu kuamuru pumzi, kifua hutulia. Hapo hakuna aliyekabwa, patafutiwe jina lake.

Mwenzangu mmoja alinicheka kikaoni: kaba ni kitambaa cha shingoni mwa kanzu, na kukaba ni kazi ya vibaka. Kaba yake ni nomino, yangu ni kitenzi. Nilidhani tofauti hiyo hufundishwa mapema. Na kibaka anabana nini, kama si koo?

Rasimu hiyohiyo inauita uso wa watoto wanaokabwa hivyo "uso wa kiadenoidi"; adenoidi ndizo nyama za pua. Nyama hizo Wilhelm Meyer wa Copenhagen aliziandika mwaka 1868, lakini uso hauzaliwi nazo, hujengwa: pua ikiziba, mtoto hupumulia mdomo, ulimi hushuka kutoka kwenye kaakaa, mashavu hulibana taya la juu, kaakaa huwa jembamba na refu kwenda juu, meno hugombea nafasi, taya la chini hurudi chini na nyuma, uso ukarefuka. Mimi nauita uso wa mkabo.

Mwenye mtoto anayekoroma karibu kila usiku amrekodi kwa simu, ampeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Rasimu nimeirudisha. Neno lao nimelikata kwa kalamu nyekundu, pembeni nimeandika mkabo, mara tatu.