Kumi Kumi

Kuna pombe iliyopewa jina la bei yake. Kumi kumi: shilingi kumi, glasi moja. Hakuna aliyejisumbua kuitafutia jina lingine, maana aliyekuwa akiiulizia hakuwa anatafuta ladha. Ametoka kibarua Industrial Area jioni, amenunua unga na nyanya, mfukoni imebaki sarafu moja. Sarafu hiyo ilikuwa na kazi yake.

Novemba 2000, huko Mukuru hapa Nairobi, kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 katika siku chache. Mamia wengine walilazwa. Baadhi ya walioponea walitoka hospitalini wakiongozwa kwa mkono, kwa sababu macho yalikuwa yameenda. Mimi nilikuwa bado nanyonya, lakini neno lenyewe nimekua nalo. Mamangu alikuwa akilitumia kumgombeza kaka yake: ipo siku utaamka na usione kitu. Mjomba alikuwa anacheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka.

Ukisoma habari za vifo hivi, za mwaka wowote, utakutana na sentensi ileile: chang'aa imeua. Hata mimi nilianza kusoma nikidhani naandika kuhusu chang'aa. Lakini chang'aa, ile inayopikwa kwa nafaka au molasi iliyochachuka, mvuke wake ukapozwa na kutona kwenye chupa, huwa na methanoli kidogo sana. Ina madhara yake, nitayafikia, lakini haiangushi mtaa mzima kwa usiku mmoja. Kinachoangusha mtaa ni methanoli ya viwandani, ile ya kuyeyusha rangi na kutengenezea gundi. Haina rangi, inanuka kama pombe, na ni rahisi. Mtu ana pombe hafifu anayotaka iwe kali, au ana pipa aliloambiwa ni spiriti tu, hana mahali pa kuipima, anamimina. Mara nyingi hata anayeuza hajui alichouza, na wengine wao wameionja wenyewe wakafa pamoja na wateja.

Kinachofuata hufanyika polepole, na ndiyo maana kinaua wengi. Ini lina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunjavunja pombe. Kikikutana na methanoli, hakijui tofauti, kinaivunja vilevile. Kwanza inatoka fomaldehaidi, ambayo ikiwa ndani ya maji ndiyo ile fomalini ya kuhifadhia maiti. Kisha inatoka asidi ya fomiki, ambayo inazizuia seli zisitumie oksijeni, na neva za macho ni kati ya zinazoumia mapema. Haya yote huchukua saa kumi na mbili, wakati mwingine siku nzima. Kwa hivyo mtu analewa kawaida, anarudi nyumbani kwa miguu yake, analala. Kesho yake mchana anauliza mbona hamjawasha taa. Wakati huo glasi iliyomwua imeshaoshwa na imeshanywewa na wengine ishirini.

Dawa ya siku nyingi ya sumu hii, usicheke, ni pombe ya kawaida. Kimeng'enya kile kinaipenda ethanoli kuliko methanoli, kwa hivyo hospitali ikimpa mgonjwa ethanoli kwa kipimo, kinashughulika nayo na methanoli inapata muda wa kutoka mwilini. Lakini lazima afike hospitali mapema, na lazima aseme alikunywa nini. Sasa hebu fikiria nchi ambapo kusema ulikunywa nini ni kukiri kosa la jinai.

Kwetu imekuwa hivyo kwa muda mrefu, na si Moi aliyeanzisha. Mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kukubaliana kuzuia pombe kali isiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa faida yetu. Kenya ilipogeuzwa koloni, Mwafrika hakuruhusiwa kunywa wiski wala jini, na hata bia ya chupa ilikuwa marufuku kwake hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Pombe kali alisubiri hadi miaka ya 50. Wakati huohuo Norfolk ilikuwa wazi tangu 1904 na Muthaiga Club tangu 1913, na walowezi wa hapo hawakuwa wanakunywa maji. Kiwanda chetu cha bia kilianza 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, akauawa na tembo. Ndiyo maana kuna tembo kwenye chupa ya Tusker. Hadithi hiyo kila mtu anaijua. Ambayo haisimuliwi sana ni kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini ya kwanza, Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinywa.

Alichoruhusiwa mjini ni pombe ya manispaa. Nairobi ilichukua mtindo ulioanzia Durban mwaka 1908: manispaa inapika pombe ya kienyeji yenyewe, inaiuza kwenye ukumbi wake, na yeyote mwingine atakayepika anashikwa. Hapa ukumbi ulikuwa Pumwani, miaka ya 20. Faida iliingia kwenye mfuko wa kugharamia huduma za Waafrika mjini. Yaani ukitaka huduma, kunywa.

Na pembeni mwa hayo yote, Kibera. Wanubi, askari wa KAR na familia zao, walipewa makazi pale na Waingereza wenyewe, na wanawake wao walijua kukeneka pombe kali. Serikali iliiita jini ya Kinubi. Polisi waliisaka, wateja wakaifuata, na ujuzi ule ukaenea. Kila mama pima unayemwona leo na kipimo chake mlangoni ni mjukuu wa biashara ile, awe anajua au hajui. Ilikuwa biashara ya wanawake ambao mji haukuwa umewawekea kazi nyingine, na waliifanya kwa mikono yao bila kemikali za kiwanda, miongo na miongo.

Basi uhuru ukaja na tabia ikabaki. Moi alichukua urais 1978, vilabu vya busaa vikafungwa, na 1980 Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Sheria hiyo ilidumu miaka thelathini. Haikumaliza unywaji hata wiki moja. Ilichofanya ni kubadilisha aina ya watu walioweza kubaki kwenye biashara. Mama mwenye sufuria mbili nyuma ya nyumba, anayejulikana na majirani, akavamiwa hadi akachoka. Akabaki yule mwenye kumlipa polisi kila wiki, na huyo ili arudishe pesa yake anahitaji kuuza nyingi, haraka, kali, kwa bei ya sarafu. Methanoli inafaa sana katika hesabu hiyo. Hapo ndipo kumi kumi inapozaliwa, na hapo ndipo Mukuru.

Baada ya Mukuru, serikali ilifanya jambo moja ambalo nikiri lilikuwa na akili. Mwaka 2004 iliondoa ushuru kwenye bia ya keg ili maskini apate kitu safi kwa bei ya pombe haramu. Senator ikaingia mitaani na ikanyweka. Mwaka uliofuata tu, Juni 2005, karibu watu 50 walikufa Machakos kwa methanoli, kwa hivyo haikuwa dawa kamili. Lakini tazama kilichotokea ilipoguswa. Mwaka 2013 Hazina ikarudisha sehemu kubwa ya ushuru ule. Bei ya keg ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya. Mei 2014, Embu, Kiambu, Kitui na kwingineko, zaidi ya watu 80 wakafa kwa pombe yenye methanoli. Siwezi kusimama mahakamani na kusema bajeti iliwaua. Nasema tu kwamba wale walioacha keg hawakuhamia kwenye maji ya machungwa. Mwaka 2015 unafuu wa ushuru ukarudishwa.

Katikati ya hapo kulikuwa na sheria ya 2010, ile tuliyoipa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha. Tunaikumbuka kwa saa za baa, lakini jambo lake kubwa lilikuwa kufuta marufuku ya 1980. Chang'aa ikawa halali, mradi ipikwe na mwenye leseni, ijazwe kwenye chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Mama pima gani ana mashine ya kujaza chupa? Mlango ulifunguliwa kwa wenye viwanda vidogo, wakaleta vile vileo vya kizazi cha pili vyenye lebo za kuvutia, ambavyo Uhuru Kenyatta alikuja kuamuru viharibiwe 2015. Na Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu 17 wakafa. Hao walinunua kwenye baa. Ripoti za wakati huo zilisema pombe yenyewe ilikuwa kielelezo cha kesi, iliyokuwa imeshikwa na kuhifadhiwa kituoni, kisha ikatoka kituoni ikauzwa.

Sasa, ningeweza kuishia hapo na ningekuwa nimeandika makala ya hasira, na wewe ungemaliza kusoma ukaagize mzinga wako wenye stika ya KRA kwa amani. Lakini kile kimeng'enya bado kiko kazini. Kikimaliza ethanoli, hiyo safi, hiyo halali, kinachotoka ni asetaldehaidi, na hiyo inaharibu DNA. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vinywaji vya pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988, kundi moja na tumbaku. Kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana, matiti. Hapo haijalishi ni chang'aa, keg au divai ya Westlands ya elfu nne. WHO inakadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani, na methanoli ni kipande kidogo sana cha hesabu hiyo. Vingi ni ini, moyo, saratani, ajali za barabarani, visu vya usiku, kifua kikuu kwa mwili uliochoka. Vilevile wameona kwamba lita ileile humuumiza maskini zaidi kuliko tajiri, kwa sababu ya chakula, kwa sababu ya hospitali, kwa sababu ya kila kitu kingine.

Wale wa Mukuru tuliwahesabu kwa sababu walikufa pamoja. Historia yetu yote ya pombe, kuanzia Brussels hadi Kangai, imekuwa ikiuliza nani anywe, wapi, na nani achukue faida. Wanaokufa mmoja mmoja haijawahi kuwauliza.

Mjomba wangu hakuwahi kugusa kumi kumi. Alikuwa muoga wa macho yake, mama alimtisha akatishika. Alikunywa keg, ya halali, kila jioni kwa karibu miaka kumi na tano, na akiwa na pesa alichanganya na vile vya kichupa. Nilipokuwa chuo, kabla sijaacha, nilikuwa nikirudi likizo nakuta macho yake yamegeuka manjano kidogo zaidi ya mara ya mwisho. Tumbo likaanza kujaa maji. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Kwenye programu ya mazishi tuliandika alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mimi ndiye niliyeichapa, kwa sababu ndimi mwandishi wa familia, na sentensi hiyo niliinakili kutoka programu ya mazishi mengine.

Baada ya kumzika, wanaume walianza kupotea mmojammoja kuelekea nyuma ya duka la sentani. Baada ya muda nikawafuata. Magi ya keg ilikuwa shilingi hamsini.