Sam Ntiro, bibi yangu na mbuyu unaokua

Tuweke test pembeni kidogo tuongee historia, ile inayokaa kwenye picha za mandhari.

Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere. Njia yake ilikuwa rahisi: anawasimulia wanafunzi tukio, wanafumba macho, halafu wanachora walichokiona kichwani. Kwa hiyo mlima au shamba lilitoka kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu haitumii rula. Unachokipenda kinakuwa kikubwa.

Mwanafunzi wake mmoja alikuwa Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyezaliwa 1923. Alisoma mpaka Slade School, London, na baada ya Uhuru akawa balozi wetu Uingereza, lakini mada yake ilibaki ileile: Kilimanjaro na watu wake. Picha yake ya mwaka 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo makumbusho ya MoMA, New York. Mimi naona hamu ya nyumbani pale.

Sasa njooni kwetu Lagangabilili. Sisi hatukuwa na Ntiro. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipopita Usukumani, familia nyingi zilihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika, zikaacha nyuma ua za minyaa na ngitili, yale malisho ya akiba ya kiangazi. Bibi yangu akianza kuuelezea mji wao wa zamani ni kama anakuchorea: mbuyu hapa, kisima pale, ng'ombe wanarudi jua likizama. Na huo mbuyu jamani, kila mwaka unanenepa! Kaka yake anasema ulikuwa mbuyu wa kawaida tu.

Nani mkweli? Kwangu mimi wote wawili. Babu anapima mti, bibi anapima alichoachishwa. Ukitaka kujua watu walihamishwa mwaka gani, soma nyaraka. Ukitaka kujua kuhama kuliwauma kiasi gani, uangalie mbuyu wa bibi.

Ndiyo maana nikienda field nitaijaribu njia ya Trowell. Wanafunzi wa Form Two wakawasikilize wazee wao, wafumbe macho, wachore, na chini ya picha waandike jina la mji na la msimuliaji. Rangi tutapata dukani. Wasimuliaji ndio wanapungua, bibi mwenyewe ameshapita themanini.

Kwenu nani bado anaukumbuka mji wa zamani? Muulizeni likizo hii.