Hongo, Ushuru na Forodha: Njia ya Bidhaa hadi Luano

Msafiri ashukaye Luano, kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, hupitisha mizigo yake mbele ya maofisa wa forodha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali la mlangoni hapo, yaani nani mwenye haki ya kutoza bidhaa, ni la kale kuliko mji wenyewe, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilitoa hongo kwa watawala wa nchi ilizopita. Neno hilo halikuwa na aibu wakati huo. Lilikuwa malipo ya njia, maji na usalama. Huko Bunkeya, Msiri, mwenye asili ya Unyamwezi, alidhibiti biashara ya pembe za ndovu, shaba na watumwa. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II, na haki ya kutoza ikaingia mikononi mwa wageni.

Haki hiyo ilikuwa imekwisha kujadiliwa Ulaya. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikataza ushuru wa bidhaa ziingiazo Bonde la Kongo, jambo hilo liangaliwe upya baada ya miaka 20. Hata hivyo, mwaka 1890 mkutano wa Brussels uliruhusu ushuru usiozidi asilimia 10 ya thamani, kwa hoja ya kugharimia vita dhidi ya utumwa. Vileo viliwekewa masharti yake. Ikumbukwe kwamba neno ushuru lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya kumi.

Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Kampuni ya Union Minière ikalipa kodi na ushuru wake Elisabethville badala ya Léopoldville. Luano, alikoteremshwa Patrice Lumumba siku ya kuuawa kwake, 17 Januari 1961, pakawa lango la dola isiyotambuliwa na nchi yoyote, hadi Januari 1963.

Tangu mwaka 2009 kazi ya forodha imo mikononi mwa DGDA, iliyochukua nafasi ya OFIDA ya mwaka 1979. Majina hubadilika, swali hubaki. Hongo, iliyokuwa ada halali, leo ni rushwa. Badiliko hilo la maana latufunza kwamba tozo huheshimiwa pale tu mlipaji ajuapo anachokipata: njia, maji na usalama.