Paka wa Algeria, panya wetu wa Menkao

Ubongo ulipimwa angani kutokea hapa Afrika. Tarehe 18/10/1963 Wafaransa walirusha paka Félicette kutoka jangwa la Algeria, waya za vipimo mu ubongo wake. Akarudi muzima, kisha wakamuua ili wachunguze ubongo wenyewe. Leo tunajua: mwanaanga akikaa miezi mingi bila uzito, ubongo wake unapanda kidogo ndani ya fuvu.

Mu 2009 Mukongo mwenzetu, Jean-Patrice Keka, alirusha roketi Troposphère V pale Menkao, upande wa Kinshasa, panya ndani. Roketi ikapotea njia, panya akafa. Basi kurusha tunaweza. Lakini elimu ya ubongo inaanza pale kiumbe kinarudi muzima. Siye vijana wa Minembwe, tusomee na kurudisha.